Sufuria amezaa au imezaa? Namna ya kurudia hekaya za Abunuwasi na watoto wa leo

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili, wa miaka 7 na 11. Tunaishi Kisumu. Nikiwa shule ya msingi miaka ya tisini, hekaya za Abunuwasi zilituchekesha darasa zima mpaka machozi. Juzi nilipata nakala ya zamani kwa muuzaji wa vitabu vya mitumba nikaanza kuwasomea jioni. Hawacheki. Mkubwa anasema haoni mzaha uko wapi, mdogo anauliza kadhi ni nani. Hata mimi nikisoma kimya sicheki kama zamani. Isitoshe, kurasa zimeanza kuchomoka. Je, hadithi hizi zimepitwa na wakati? Na kitabu naweza kukitengeneza mwenyewe nyumbani?

JIBU: Mama, hadithi hazijapitwa na wakati, na watoto wako hawana kasoro yoyote. Hekaya za Abunuwasi zilikaa midomoni mwa watu kwa karne nyingi kabla ya kuingia kitabuni, na zilipoandikwa ziliandikwa kwa ufupi sana. Nyingi hazizidi ukurasa mmoja au miwili. Kila kitu ambacho msimulizi angekifanya kwa sauti, kwa jicho na kwa kunyamaza kimebaki nje ya karatasi. Ukizisoma kwa mwendo wa gazeti, hadithi inakwisha kwa dakika mbili na kichekesho kinapita kabla mtoto hajajua kwamba kimepita. Darasani mlikuwa wengi, na kicheko cha mmoja kiliwasha cha mwenzake. Sasa ni wewe, watoto wawili na taa ya mezani, kwa hiyo kazi iliyofanywa na darasa lazima ifanywe na sauti yako.

Wasomaji wengi hudhani utamu wa Abunuwasi umo katika jibu lake la mwisho, wakalikimbilia. Utamu umo mapema zaidi, pale mpinzani wake anapokubali jambo la kipuuzi kwa sababu lina faida kwake. Jibu la mwisho ni kudai deni tu. Mtoto ambaye hakuona deni likiwekwa hawezi kucheka likilipwa.

Chukua hekaya ya sufuria. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani. Siku chache baadaye anairudisha, na ndani yake kuna kisufuria kidogo. Jirani anauliza hiki ni nini. Abunuwasi anamjibu kwa upole kwamba sufuria ilikuwa na mimba, na imejifungua salama. Jirani anavichukua vyote viwili, anashukuru, anafunga mlango. Mara ya pili Abunuwasi anaazima tena, na safari hii harudishi. Jirani anapokuja kudai anaambiwa sufuria imekufa. Anapandwa na hasira, anakwenda kwa kadhi, na kadhi anamwambia: ulikubali kwamba ilizaa, basi kila kinachozaa hufa.

Sasa sikiliza Kiswahili kinavyofanya kazi hapo, kwa sababu ndipo watoto wanapopotea. Sufuria iko katika ngeli ya I-ZI: sufuria imepotea, sufuria imevunjika. Kiumbe chenye uhai huchukua ngeli ya A-WA: ng'ombe amezaa, paka amekufa. Vyovyote nakala yako ilivyoandika, unaposoma kwa sauti mpe Abunuwasi silabi ya uhai: "Jirani, sufuria yako amezaa." Ukifika kwenye hiyo "a-" punguza mwendo, useme kama jambo la kawaida kabisa, halafu nyamaza. Hesabu moja mpaka tatu kimoyomoyo. Mtoto wa darasa la sita ambaye mwalimu humsahihisha ngeli kila siku atainua kichwa. Usimjibu. Mwache jirani naye aseme: "Alhamdulillahi! Amezaa lini? Hakupata shida?"

Hapo jirani ameshaingia mtegoni. Tamaa imemfanya abadilishe ngeli. Hadithi inapofika mwisho na hasara inapokuja kwake, mpe ile silabi ya kitu kisicho na uhai, tena kwa sauti kali: "Sufuria inakufaje? Si ni chuma tu hiki!" Halafu kadhi, taratibu: "Alipozaa ulimpokea. Anayezaa hufa." Jirani alitumia "a-" wakati wa faida na "i-" wakati wa hasara, na mtoto akisikia hilo hahitaji kuelezwa chochote zaidi. Nimeona wazazi wengi wakisoma "imezaa" na "imekufa" kwa sauti moja, bapa, mwanzo hadi mwisho, kisha wakashangaa kwa nini hakuna aliyecheka.

Kuna kikwazo cha pili ndani ya hekaya hiyo hiyo. Siku hizi vitu vyetu hufa kila siku. Simu imekufa, betri imekufa, gari limekufa njiani kule Ahero. Mtoto wa leo akisikia "sufuria imekufa" anaelewa kwamba imetoboka, na anaona ni habari ya kawaida. Dawa yake ni neno moja. Badala ya kufa, mwambie jirani habari kama watu wanavyoambiana habari za msiba: "Pole sana jirani. Sufuria yako alifariki juzi usiku. Tumeshamzika." Vitu havifariki, watu hufariki. Watoto waliokulia maeneo ya Kisumu, Siaya au Kakamega wanajua vizuri kinachofuata neno hilo: hema, viti vya kukodi, matanga, michango. Huna haja ya kuyataja yote hayo. Sema "tumeshamzika" kwa uso wa huzuni, na kaa kimya tena.

Ikiwa mkubwa atauliza, "Lakini kile kisufuria kilitoka wapi?" jua ameshaelewa kila kitu. Abunuwasi alikinunua. Ulikuwa mtaji wake. Mwulize kisufuria kidogo kinauzwa bei gani soko la Kibuye na sufuria kubwa bei gani, apige hesabu ya faida. Watoto wa miaka 11 hupenda sana kugundua kwamba ujanja ule uligharimu pesa.

Hekaya ya harufu ndiyo ningekushauri uanze nayo. Maskini ameketi karibu na mahali tajiri anapopikia nyama, anakula chakula chake kikavu huku akisikia harufu. Tajiri anamshitaki, anadai alipwe. Abunuwasi anachukua pesa, anaziangusha chini zilie, anamwambia tajiri: umeusikia mlio wake? Basi umelipwa.

Hekaya hii husimuliwa katika nchi nyingi na lugha nyingi, lakini kwa Kiswahili imekaa sawasawa kuliko kwa Kiingereza, na sababu yake ni kitenzi kimoja. Sisi harufu tunaisikia. Sauti pia tunaisikia. Kwa hiyo tajiri anapolalamika kwamba huyu "amesikia harufu ya nyama yangu", tayari ametaja kwa kinywa chake namna atakavyolipwa: kilichosikiwa kitalipwa kwa kusikia. Usibadilishe kitenzi hicho. Mzazi anayeona neno "kusikia" halitoshi akaweka "kunusa" ili kumrahisishia mtoto anakata kamba inayoshikilia hadithi nzima. Rudia "kusikia" mara tatu au nne kabla ya hukumu: maskini alisikia, tajiri alisema amesikia, hakimu aliuliza "kweli ulisikia?" Halafu pesa zinaanguka. Baadaye muulize mtoto lugha ya bibi yake inasemaje, kama harufu husikiwa au hunuswa. Swali hilo huzua mazungumzo marefu mezani, hasa nyumba yenye Kijaluo upande mmoja na Kiluhya upande mwingine.

Tatizo hapa ni mlio wenyewe. M-Pesa ilianza mwaka 2007, kabla watoto wako wote wawili hawajazaliwa. Kwao pesa ni ujumbe unaoingia kwenye simu. Hawajazoea kusikia mtu akihesabu sarafu mezani, kwa hiyo "mlio wa pesa" ni maneno matupu. Tafuta sarafu sita au nane za shilingi 10 na 20, ziweke ndani ya kikombe cha bati kabla ya kuanza, na usiwaambie ni za nini. Ukifika kwenye hukumu, zimwage kwenye sakafu ya saruji au kwenye sinia la bati. Zulia halifai, litameza sauti. Zikishatulia, usiseme lolote mpaka ile ya mwisho iache kuzunguka. Ndipo useme: "Umesikia? Umelipwa." Mtoto wa miaka 7 ataomba umwage tena, na ni sawa, mwache amwage yeye.

Kabla ya kusoma unaweza kumuuliza swali moja la maandalizi: tukipita ufuo wa Dunga tukasikia harufu ya samaki wa kukaangwa, tuna deni? Usihamishe hadithi yenyewe ikawa ya Dunga. Ikishakuwa ya mwenye kibanda unayemjua, mtoto ataanza kumwonea huruma au kumchukia, na hekaya itageuka habari za mtaa. Mwache tajiri akae mbali huko kwake, asiye na jina.

Kuhusu maneno. Mdogo anapouliza kadhi ni nani katikati ya sentensi, hadithi imeshaanguka. Yaeleze kabla ya kuanza, yasizidi manne kwa usiku mmoja, kila moja kwa sentensi moja. Kadhi ni hakimu anayehukumu kwa sheria ya Kiislamu. Wala si neno la makumbusho, kwani mahakama za Kadhi zimo katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Sultani acha alivyo, watoto humwelewa bila msaada. Dinari na rupia usizigeuze ziwe shilingi, kwa sababu ukisema "shilingi mia mbili" mtoto ataanza kupima kama ni ghali au rahisi. Mkubwa unaweza kumwambia kwamba rupia ilikuwa pesa ya hapa hapa Afrika Mashariki kabla ya shilingi kuingia mwaka 1921, na kwamba reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 vibarua walilipwa kwa rupia. Akishajua hilo, pesa ya Abunuwasi haiko Baghdad tena.

Neno linalosumbua zaidi ni tiara, katika ile hekaya ya sultani anayetaka ajengewe nyumba hewani. Abunuwasi anatengeneza tiara, anaifunga kengele, anairusha. Watu wanasikia kengele juu mawinguni. Anawaambia: hao ni mafundi, wameanza kazi, sasa wapelekeeni mawe na chokaa. Hakuna anayeweza kupanda, na sultani analazimika kuachana na wazo lake. Watoto wengi wa mjini wanajua tiara kwa jina la Kiingereza tu, "kite", na wengine hawajawahi kuishika. Ukisoma bila kuwaonyesha, kengele ya angani haina maana kwao.

Itengenezeni. Kijiti cha wima sentimita 60, cha mlalo sentimita 50, vyepesi, vya mwanzi au tete kavu. Vifungwe kwa uzi msalaba sentimita 15 kutoka juu. Zungusha uzi kwenye ncha zote nne, funika kwa plastiki nyembamba, kunja kingo kwa sentimita 2 na uzibandike. Uzi wa kushikia ufungwe juu na chini kwenye kijiti cha wima, ulegee kiasi cha kufanya pembe, na kamba ya kurushia ifungwe kwenye pembe hiyo, karibu zaidi na upande wa juu. Mkia uwe mita 2.5 hadi 3, wa vipande vya kitambaa chepesi. Tiara ikizunguka kama pia, mkia ni mfupi, ongeza. Ikikataa kupanda, mkia ni mzito, punguza. Kengele iwe ndogo mno, ya kola ya paka. Ya mbuzi haitapaa. Upepo wa ziwa huanza kuvuma alasiri, kwa hiyo asubuhi mtachoka bure. Kaeni mbali na nyaya za stima na mbali na uwanja wa ndege. Usomaji ufuate jioni hiyo hiyo, wakati vidole bado vinakumbuka kamba ikivuta.

Ratiba yangu ni hekaya mbili kwa wiki, kwa mfano Jumanne na Ijumaa, dakika kumi na tano kila moja pamoja na mazungumzo yake. Usisome mbili usiku mmoja. Hekaya hizi zote zinaendeshwa na springi moja, na mtu akisoma tano mfululizo anaiona ikifanya kazi na hashangai tena. Hilo ndilo lililokupata wewe ulipokaa ukasoma kimya: ulisoma nyingi, upesi, huku ukijua mwisho wa kila moja. Anza na harufu, kisha tiara, kisha sufuria. Sufuria inahitaji sikio la lugha kuliko nyingine, kwa hiyo usiitangulize hata kama ndiyo uipendayo.

Makosa mengine ninayokutana nayo mara kwa mara: msomaji kucheka kabla ya wasikilizaji, na msomaji kumpa Abunuwasi sauti ya kuchekesha. La pili ni baya kuliko la kwanza. Abunuwasi hacheki kamwe. Ni mpole, ana adabu, anasema "pole jirani" kwa moyo wote. Sauti ya kupanda na kushuka mpe jirani, tajiri na sultani. Kosa jingine ni kueleza mzaha baada ya hadithi. Asiyecheka usimweleze, mwambie utamsomea tena wiki ijayo. Na ukikuta maswali ya ufahamu baada ya hekaya, yaruke. Mtoto akishajua kwamba kila kicheko kitafuatwa na maswali matano, ataanza kusikiliza ili ajibu.

Mkubwa wako ana umri wa kuwa kadhi. Soma mpaka pale mashitaka yanapomalizika, funga kitabu juu ya kidole, umpe dakika tano atoe hukumu. Sharti ni moja tu: asitumie nguvu wala uchawi, atumie maneno ambayo mshitaki mwenyewe ameshayasema. Hukumu zake za kwanza zitakuwa za kuadhibu, "afungwe jela", na hapo umrudishe kwenye sharti. Baada ya hekaya tatu au nne, mpe kesi mpya isiyo kitabuni. Muuza magazeti wa Kondele anadai mpita njia alipe kwa sababu amesoma vichwa vya habari vya gazeti lililotundikwa, bila kununua. Atalipwaje? Mtoto aliyeielewa ile ya harufu atasema aonyeshwe noti, aitazame vizuri, kisha irudishwe mfukoni.

Watoto wa upande wetu wana faida nyingine ambayo shule huisahau. Wameshamjua mjanja. Waliosimuliwa sigana za Kijaluo wanamjua Apwoyo, sungura mdogo anayewashinda wakubwa. Wa Bungoma wanamjua Wanakhamuna, sungura mjanja wa kwao. Zamani watoto wa Kijaluo walisimuliwa hayo katika siwindhe, nyumba ya bibi, na hakuna aliyekaa kimya. Walijibu, walidakia, waliimba. Wasomee hekaya za Abunuwasi kwa namna hiyo. Anza na "Paukwa!" na usiendelee mpaka "Pakawa!" iitikiwe na wote. Kisha wape mkubwa na mdogo walinganishe: sungura hushinda kwa kukimbia, kujificha na kudanganya kwa uongo, lakini Abunuwasi huenda mbele ya hakimu mchana kweupe na kushinda kwa kauli ya adui yake. Mtoto wa miaka 7 huiona tofauti hiyo haraka kuliko unavyodhani.

Mambo mawili yanahitaji uangalifu. La kwanza ni intaneti. Mkubwa atatafuta jina la Abunuwasi, na atakutana na Abu Nuwas, mshairi wa kweli aliyeishi Baghdad na kufariki karibu na mwaka 814. Enzi yake iligusana na ya Harun al-Rashid, aliyetawala kuanzia 786 hadi 809, na wote wawili wanatokea katika hadithi za Alfu Lela Ulela. Mshairi huyo alisifika kwa mashairi ya mvinyo na mapenzi, mengine hayafai kabisa umri wa watoto wako, kwa hiyo mtangulie. Mwambie mapema kwamba wasimulizi waliazima jina la mtu maarufu wakalivika visa vya mjanja yeyote. Visa vingi vya aina hii Waarabu huvisimulia kwa jina la Juha, na Waturuki kwa jina la Nasreddin. Sufuria iliyozaa imezaliwa katika nyumba nyingi.

La pili ni yale yaliyozeeka vibaya. Utakuta watumwa wakitajwa kama vyombo vya nyumbani, wanawake wakidanganywa ili mume apate faida, na sultani akitishia kukata vichwa. Vitisho vya sultani viache. Bila hatari ujanja hauna uzito, na watoto wanajua hakuna atakayekatwa. Neno mtumwa usilipitie kama vile halipo. Mweleze mkubwa kwamba soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na kwamba wasimulizi wa hekaya hizi waliishi katika dunia hiyo. Hekaya ambazo kichekesho chake chote kinategemea kumdhalilisha mke au mtu mwenye ulemavu, ziruke nzima. Kukata nusu hakusaidii, kwa maana inayobaki haina kichwa wala miguu, na mtoto atakwenda kuitafuta nusu aliyonyimwa.

Sasa kitabu. Kabla ya kugusa chochote kiangalie mgongo. Kama ni kijitabu chembamba kilichopigwa pini katikati, pini ndizo adui, kwa maana unyevu wa ziwa huzishika kutu na kutu hula karatasi. Zinyooshe kwa kisu butu kutoka ndani, zitoe, na ukishone kwa matundu matatu kwenye kunjo: moja katikati, mawili yakiwa sentimita 3 kutoka kila ncha. Chukua uzi mnene wa pamba, mrefu mara mbili na nusu ya kimo cha kitabu. Ingiza sindano tundu la katikati kutoka ndani kwenda nje, ukiacha mkia wa sentimita 8 ndani. Panda nje hadi tundu la juu, ingia ndani. Shuka ndani moja kwa moja, ukipita la katikati, mpaka la chini, toka nje. Rudi katikati, ingia. Ncha mbili sasa ziko ndani, ziweke kila moja upande wake wa uzi mrefu, kaza, funga fundo juu ya uzi huo.

Kama kurasa zinachomoka moja moja, kitabu chako kilibandikwa kwa gundi iliyokauka na kupasuka. Usitumie selotepu. Gundi yake hugeuka rangi ya kahawia, hutoka pembeni kwa joto, na hunasisha kurasa mbili pamoja. Gundi ya kubandika viatu na ile ya papo kwa papo hukakamaa na kuvunjika ukifungua kitabu. Nunua gundi nyeupe ya mbao, chupa ndogo kabisa inatosha.

Ukurasa mmoja au miwili tu ikiwa imetoka, paka gundi ukanda wa milimita 3 kwenye ukingo wake wa ndani, uingize mpaka ushike mgongo, weka kipande cha plastiki kila upande ili gundi isishike majirani, funga kitabu, uweke uzito usiku kucha.

Zikiwa nyingi zimechomoka, ni afadhali kukifungua chote. Hesabu namba za kurasa kwanza, uhakikishe hakuna iliyopotea, kwa sababu ukishabandika hutafungua tena. Toa jalada taratibu. Ng'oa gundi ya zamani kwa mkono, iliyobaki isugue kwa msasa laini mpaka uone karatasi tupu. Gonga kurasa mezani upande wa mgongo mpaka zilingane, kisha zibane kati ya mbao mbili, mgongo ukiwa umechungulia nje kwa sentimita 3. Pinda rundo lote upande wa kushoto kama mtu anayefungua karata, paka gundi nyembamba kwa brashi. Pinda upande wa kulia, paka tena. Hapo ndipo siri ilipo: kila ukurasa unapata gundi kidogo pande zote mbili, badala ya kushikwa kwenye ncha tu. Nyoosha, sogeza mbao hadi karibu na mgongo, ubane kwa nguvu.

Gundi ikiwa bado mbichi, bandika juu ya mgongo kipande cha shashi ya hospitali, kilichozidi kwa sentimita 2 kila upande. Paka gundi mara ya pili juu yake. Acha kivulini kwa muda wa saa 12. Ndipo urudishe jalada, ukipaka gundi kwenye mgongo na juu ya zile sentimita 2 za shashi pekee. Funga kitabu ndani ya plastiki, kiwekee matofali mawili yaliyofungwa kwa gazeti, na usikifungue kabla ya saa 24 kwisha. Gundi ikizidi itavuja ndani, kwa hiyo baada ya nusu saa chungulia ncha za mgongo na ufute. Jua usilitumie kukausha, jalada litajikunja.

Kikiwa na harufu ya ukungu, kipanguse nje ya nyumba kwa brashi kavu, pua ikiwa imefunikwa, kabla ya hatua yoyote ya gundi. Kikiwa na wadudu, kifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, kiweke ndani ya friza wiki mbili, na ukikitoa usiufungue mfuko mpaka kesho yake, maana unyevu utatua juu ya plastiki badala ya karatasi. Rafu yake iache nafasi ya sentimita 5 kutoka ukutani, na isiwe ukuta wa upande wa bafu. Wakati kitabu kikiwa chini ya matofali, msiache Ijumaa ipite bure. Kwa ile ya harufu huna haja ya kitabu, kikombe cha bati na sarafu vinatosha.